Kitufe cha Tab na Kanda za Mama

Sisi ni kaka na dada, sote wahandisi, sote tumekwisha kuvuka hamsini. Tulifika Minneapolis mwaka 1993 kusoma Chuo Kikuu cha Minnesota, na baridi ya mwaka huo ilitukuta ndani ya makoti ya mtumba yaliyotuzidi kimo. Mama alibaki Tanga. Yeye alisomea hati za Kiarabu, hizi za Kizungu hazikumwingia, na simu wakati ule ilikuwa ghali: dakika tatu zikipita unaanza kuhesabu pesa ya kodi ya nyumba. Basi akawa anatutumia barua za kaseti. Kila mgeni aliyetoka nyumbani alituletea moja, imeviringishwa ndani ya khanga pamoja na bizari.

Mama alikuwa na tabia ya kutomaliza methali. Alitoa nusu, akanyamaza, akangoja tumalizie, kama alivyotufanyia tangu utotoni. Hata kwenye kaseti hakuacha. "Mgaagaa na upwa..." kisha kimya, unasikia kuku tu uani. Nasi katika chumba chetu cha kupanga, theluji dirishani, tunajibu kwa sauti: "Hali wali mkavu!" Naye anaendelea: "Haya." Kama aliyetusikia.

Ndiyo maana tulipoonyeshwa kazi ya kitufe cha Tab, tulicheka. Ni katika sheli, na sheli tunayoisema si ile ya kuuza petroli. Ni programu ambamo mtu huandika amri kwa maneno badala ya kubofya picha. Unaandika mwanzo wa jina la faili, unabonyeza Tab, nayo inamalizia. Wazo lenyewe ni la zamani: lilikuwamo katika mfumo wa TENEX miaka ya 1970, na herufi T katika jina la sheli ya tcsh imetoka huko. Sisi tulizoea Bash, ambayo Brian Fox aliitoa mwaka 1989. Majina yenye mwanzo mmoja yakiwa mengi, Bash humalizia hadi pale yanapoachana, kisha hulia. Ukibonyeza tena, inakuorodheshea yote. Likiwa moja tu, inalimalizia mpaka mwisho bila kukuuliza.

Mama alifariki mwaka 2004. Majira ya baridi ya 2006 tulikuwa tukikutana kila Jumamosi Saint Paul, katika chumba cha chini ya nyumba, tunahamishia kanda zake kwenye kompyuta. Kila upande tuliupa faili lake: mama-1997-a, mama-1997-b, na kadhalika. Huo upande B wa 1997 tuliurekodi mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sauti ilikuwa ikikwaruza. Hilo la kwanza tuliliita mama-1997-bovu. Usiku tukataka kulifuta. Tukaandika rm, yaani amri ya kufuta, kisha mama-1997-b, tukabonyeza Tab, tukabonyeza Enter.

Lakini lile bovu mmoja wetu alikwisha kulifuta mchana. Jina lenye mwanzo ule lilikuwa limebaki moja. Sheli ikalimalizia kwa utiifu, na rm haina pipa la taka la kwenda kupekua. Hadi leo hatusemi kilikuwa kidole cha nani.

Tuligundua baada ya wiki mbili, nasi tumekwisha kurekodi kanda nyingine juu ya diski ile ile. Kaseti yenyewe ilitafunwa na redio tukaitupa. Nakala ya akiba hatukuwa nayo, wahandisi wazima, ambao kazini tungemkaripia kijana kwa uzembe huo.

Upande A upo. Dakika ya mwisho Mama anasema: "Asiyesikia la mkuu..." Kimya chake ni kirefu kuliko kawaida. Kisha: "Geuzeni upande, wanangu, niwamalizie."

Mwaka huo mmoja wetu alitaka kuacha masomo. Mwingine anashikilia kwamba Mama alimalizia "huvunjika guu", tena akicheka. Mwenye kuacha masomo anaapa alisema "huona makuu", na hakucheka. Methali ina miisho yote miwili, na si mamoja. Guu huungwa.

Baada ya ajali ile ndipo tulipokaa kujifunza kwamba Bash, tangu toleo la 2.04 la mwaka 2000, hukubali kufundishwa namna ya kumalizia. Kwanza tuliandika mstari mmoja katika .bashrc: complete -W "" rm. Tangu hapo ukiandika rm ukabonyeza Tab hupati kitu. Lazima jina uliandike lote kwa mkono wako. Wenzetu kazini wakiona huona ni adhabu. Sawa.

Kisha tukatunga amri yetu, sikiliza. Mambo ya Mama hatuyakumbuki kwa miaka, tunayakumbuka kwa vitu: bei ya nazi, msiba wa jirani, paa linalovuja. Kwa hiyo tuliandika faili la orodha, kila kanda na maneno yake, na kanuni fupi inayolitafuta neno humo na kurudisha jina la kanda. Andika sikiliza paa, bonyeza Tab, neno "paa" linageuka kuwa mama-1995-a. (Neno likiwa katika kanda nyingi, sheli ilikuwa ikilifuta na kuacha "mama-" tu, hilo lilitula wikiendi mbili.)

Orodha haijali kama faili lipo au halipo. Tulibishana, kisha tukaiandika mama-1997-b kwa mkono, na mbele yake maneno mawili. Ukiandika sikiliza guu ukabonyeza Tab, inakuja mama-1997-b. Ukiandika makuu, inakuja hiyo hiyo. Ukibonyeza Enter, sheli inajibu kwamba faili hilo halipo.