Siku Thelathini

Sisi walimu twapenda mno kuandika juu ya makosa ya wengine. Leo twataka kuandika juu ya kosa letu wenyewe, nalo lilianza kwa barua iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Kijijini kwetu, upande wa Korogwe, watu wengi huishi kwa kazi ya mkonge. Kijana mmoja, mtoto wa jirani yetu, alikuwa amefanya kazi ya korona miaka sita, akilisha majani katika ule mtambo unaoyasaga hata zikatoka singa. Jioni moja alifika barazani petu, akatuamkia, akakaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, nimeambiwa kesho nisiende kazini." Hakuonyeshwa kosa, hakuitwa kujitetea, wala hakulipwa likizo yake. Alipewa karatasi ya mistari miwili tu. Katika mfuko wa unga alikuwa amehifadhi karatasi zake zote za mshahara, zimekunjwa vizuri.

Tukamjibu, "Subiri, mwanetu. Kushindana na wakubwa hakufai. Tutamwandikia meneja, naye atasikia." Tukaandika kwa heshima nyingi. Twakiri kwamba tulipendezwa na barua ile. Tuliisoma mara mbili kwa sauti kabla ya kuitia bahashani. Jibu halikuja. Tukaandika ya pili. Kijana alikuwa akipita kila Jumapili kuuliza, nasi kila Jumapili tukamwambia asubiri.

Labda mtauliza kwa nini hatukumpeleka katika chama cha wafanyakazi. Sababu moja ni baba yetu. Yeye aliletwa Tanga katika miaka ya 1950 kuwa manamba, yaani mmoja wa wale walioandikwa mbali na kujulikana kwa namba zao. Kazi yake ilihesabiwa kwa kipande: kadi yenye siku 30, na siku ambayo kazi aliyopimiwa haikuisha haikutiwa alama. Hivyo mwezi wa mshahara ungeweza kupita mwezi wa kalenda kwa majuma kadhaa. Aliiona migomo ya mashamba ya mkonge mwishoni mwa miaka ile, wakati vyama vya wafanyakazi vilipopata nguvu baada ya shirikisho lao, TFL, kuundwa mwaka 1955, na Rashidi Kawawa akiwa katibu wake mkuu. Baba aliwasifu sana watu wale. Lakini mwaka 1964, baada ya maasi ya askari, viongozi kadhaa wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikawekwa NUTA, chama kimoja kwa wote, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza alikuwa ndiye pia Waziri wa Kazi. Baba alikuwa akitoa kadi yake ya NUTA na kucheka: "Nikimshitaki Serikali, nitamshitaki kwa nani?" Kicheko kile tulikirithi. Hata vyama vilipopata tena uhuru wao katika miaka ya 1990, sisi tulikatwa asilimia mbili ya mshahara kwa ajili ya chama cha walimu, tukanung'unika kila mwezi, wala hatukupata kusoma hata ukurasa mmoja wa sheria inayotulinda.

Basi siku moja tulikutana sokoni na katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi wa mashamba, mama mmoja ambaye zamani alikuwa mfungaji wa singa. Tulimsimulia habari ile kama mtu asimuliaye mambo ya hewa. Hakutuuliza kama kijana alionewa. Aliuliza, "Aliachishwa tarehe ngapi?" Tukahesabu. Ilikuwa siku ya 41.

Alinyamaza, akatua kikapu chake. Ndipo alipotueleza ambayo twayaandika hapa ili msomaji ayakate na kuyaweka. Sheria ya ajira ya Tanzania ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Lakini anayelalamika kwamba ameachishwa isivyo haki yampasa kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Madai mengine, kama mshahara au likizo isiyolipwa, yana siku 60. Kupeleka shauri huko hakuna ada. Barua kwa meneja, hata ikiwa nzuri namna gani, haisimamishi siku hata moja.

Mlango mmoja ulibaki: kuomba ruhusa ya kuchelewa, na kutoa sababu ya kutosha. Sababu ilikuwa sisi. Tukala kiapo kwa maandishi kwamba kijana alituamini kwa kuwa tumesoma, nasi tukamchelewesha. Tumeandika mengi katika maisha ya ualimu, lakini maneno yale machache yalitutoa jasho. Msuluhishi alisoma, akatutazama, akasema kwa upole kwamba kutoijua sheria si sababu ya kutosha. Ombi likakataliwa.

Yale madai ya siku 60 yalisikilizwa. Mama katibu alikaa karibu na kijana, akazipanga zile karatasi za mfuko wa unga mwezi kwa mwezi mezani, na mwakilishi wa shamba hakuwa na la kusema. Akalipwa likizo zake na mshahara wa siku zilizobaki, akapewa na cheti cha utumishi. Kazi yake hakurudishiwa. Sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na tunapokutana njiani hutuamkia kama zamani, jambo ambalo hutuumiza kuliko kama angetupita kimya.

Mwezi uliopita tulimwona amempakia mwenzake wa korona, naye ameshika mfuko kifuani. Tulisimama mlangoni, tukidhani wanakuja kwetu. Walitupungia mkono, wakapita moja kwa moja kuelekea kwa mama katibu.