Kaka Ana Namba

Simu ya kaka huingia saa sita mchana. Hapa Nyarugusu jua liko utosini, kule kwake Louisville, jimbo la Kentucky, ni saa kumi alfajiri na ndo kwanza ametoka kazini. Salamu zikishapita, na sisi watu wa Fizi salamu zetu hazipiti upesi, mama anamuuliza swali lile lile: "Wamekupa gari?" Kaka anacheka. "Bado, mama. Kuna watu mbele yangu."

Mama anauliza hivyo tangu 2019. Zamani nilidhani kaka anatuficha kitu. Mtu mzima, ana nguvu zake, ana leseni ya Marekani ambayo alitutumia hadi picha yake, inakuwaje miaka yote anapanga maboksi ndani ya ghala na gari hapewi? Jirani mmoja alisema labda Kiingereza hakijakaa. Mwingine akasema labda ana deni na mtu. Nikaona nimuulize mwenyewe, anieleze taratibu kama anamweleza mtoto.

Akanieleza. Yuko UPS, ile kampuni ya vifurushi. Louisville ndiko kwenye kituo chao kikubwa cha ndege. Usiku ndege zinatua moja baada ya nyingine, mizigo inashushwa, inapita kwenye mikanda, inapangwa, na kabla ya kucha imepakiwa tena. Watu wa ndani wengi wao ni wa saa chache. Hapo ndipo niliposhangaa: zamu anayohakikishiwa ni saa tatu na nusu tu. Sisi huku tunajua mtu aliyefika Amerika anafanya kazi moja kubwa kutwa nzima. Kumbe kaka akitoka hapo analala kidogo, halafu anaenda kwenye kazi nyingine, kufua mashuka ya hoteli. Ghala hataki kuliacha kwa sababu ya bima ya matibabu, na kwa sababu ya foleni.

Foleni yenyewe iko hivi. Mkataba kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi, Teamsters, unaheshimu tarehe uliyoanza kazi. Nafasi ya udereva ikitokea inatangazwa, watu wa ndani wanaoitaka wanaandika majina, na aliyetangulia kuajiriwa ndiye anayetangulia kuitwa. Utasubiri muda gani, inategemea jengo. Kuna majengo mtu anaitwa baada ya miezi tu, kuna mengine hata miaka kumi inapita. Na ukiitwa bado hujamaliza. Kuna majaribio, ukishindwa unarudi ndani kwenye maboksi yako. Ukifaulu, mshahara unapanda kidogo kidogo kwa miaka minne mpaka ufike juu. Kwa mkataba wa 2023, anayeanza ndani anapata dola 21 kwa saa, na dereva aliyefika juu atakuwa kwenye wastani wa dola 49 mkataba unapoisha 2028. Sasa unaona kwa nini watu hawatoki kwenye mstari.

"Na wewe una watu wangapi mbele?" nikamuuliza.

Hakufikiri hata kidogo. "Thelathini na saba."

Hiyo namba ndiyo iliyonikaa kichwani, kuliko zile dola.

Kaka kabla ya kuondoka 2017 alikuwa kibarua wa stoo ya chakula hapa hapa kambini. Lori likija vijana wanaitwa, wanashusha, gunia la kilo 50 begani, vumbi la unga mpaka kwenye kope. Dereva mmoja, Mtanzania wa Kasulu, alimzoea. Wakati wa kusubiri karatasi zisainiwe alimruhusu apande akae kwenye usukani, gari limezimwa. Jioni kaka alikuwa anatuonyesha gia kwa kutumia mwiko wa mama. Miaka yote ile hakuna aliyemuuliza atasubiri muda gani awe dereva, wala yeye hakuuliza. Mkimbizi haruhusiwi kutoka nje ya kambi bila kibali, na lori kazi yake ni kutoka nje. Basi, imeisha hapo.

Mimi nafanya kazi na vijana. Jumamosi tunakaa chini ya mwembe, tunazungumza, wakati mwingine mpira, wakati mwingine maneno tu. Siku moja nikawasimulia habari ya kaka na foleni yake. Nilikuwa nataka kuwafundisha subira, nakiri. Nilipomaliza, kijana mmoja anayebeba magunia kwenye ile stoo aliyobeba kaka akasema: "Mwalimu, kaka yako ana namba. Sisi namba yetu ni ipi?"

Watu walicheka. Mimi sikuwa na jibu, nikasema tucheze mpira.

Wiki iliyofuata nikaenda mlangoni kwa stoo, lori likiwa limefika. Nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika mtanisamehe, najua jarida hili mnalisoma. Vijana walikuwa kama sitini, nafasi kumi na tano. Msimamizi alitoka akanyoosha kidole: wewe, wewe, yule mrefu, wewe mwenye shati jekundu. Dakika mbili kazi imekwisha. Waliobaki wakasogea kivulini. Nikaambiwa kwamba kuna kijana alichaguliwa siku moja kwa sababu ya shati jekundu, akalivaa miezi miwili mfululizo. Na tangu mgao ulipopunguzwa, magunia yanayoshushwa ni machache, kwa hiyo vidole navyo vimepungua.

Nikamtafuta yule kijana wa Jumamosi. Tukanunua daftari la kurasa 48. Tukakaa siku tatu tukiandika: jina, na siku uliyobeba gunia la kwanza. Wenye kumbukumbu nzuri walitaja tarehe kamili. Wengine walitaja kwa matukio: mwaka ule wa mvua iliyobomoa nyumba, wiki aliyozaliwa mdogo wangu. Tulipata majina 31 ambayo watu wote walikubali kwamba kweli hawa ni wa stoo. Wa kwanza kwenye orodha alianza 2008. Ni baba wa watoto sita, na bado anasimama mlangoni kungoja kidole.

Msimamizi alipoona daftari alikataa. Alisema yeye hahitaji kufundishwa kazi na watoto. Sikumlaumu sana, hata yeye cheo chake kinasubiri mkataba kila mwisho wa mwaka. Lakini mwezi uliofuata vijana walipigana mlangoni, mmoja akavunjika jino, na yeye mwenyewe akatuma mtu kuja kuniuliza: "Lile daftari liko wapi?" Sasa anaita kwa mzunguko, kumi na tano wa leo, kumi na tano wa lori lijalo. Kwa ukarani wa stoo bado daftari halifiki. Ukarani unatoka wanakojua wenyewe.

Nilipomsimulia kaka alicheka mpaka akakohoa. Akasema tuchague mtu mmoja tumwite chama.

Mwaka 2025 mambo yalisimama pande zote mbili. Januari Marekani ilisimamisha kupokea wakimbizi, na faili langu mimi na mama lilikuwa limeshapita mahojiano. Aprili kampuni ya kaka ikatangaza kwamba itapunguza nafasi za kazi kama 20,000 na kufunga majengo 73. Jengo lake halikufungwa, lakini tangazo la udereva tangu hapo hajaliona ukutani. Yuko wa ishirini na mbili. Mama anapouliza kuhusu gari siku hizi, kaka anajibu kwa kutaja namba, na mama ameshazoea. Ananigeukia mimi: "Na sisi tuko wa ngapi?" Nilishaenda kuuliza ofisini mara mbili. Dada wa pale ni mpole, akafungua kompyuta, akaangalia, akaniambia faili lipo. Niliuliza yako mangapi mbele yake. Akasema mfumo hauonyeshi hivyo.

Jumamosi iliyopita yule kijana alikuja mapema kabla ya wenzake. Alitaka nimfungulie daftari. Tulimwandika kwamba alianza Jumatano, naye anasema alianza Jumanne, na siku hiyo moja inamweka mbele ya rafiki yake. Rafiki naye alipofika akakataa, akasema Jumanne hakukuwa na lori. Walibishana mpaka mpira ukachelewa. Mwisho tukaenda wote watatu kwa yule baba wa watoto sita, aliyekuwepo siku hiyo, tukamkuta amelala. Tukakaa nje kumsubiri aamke.