Usiharakishe kuitupa kompyuta kuukuu

Kuna imani iliyoenea majumbani mwetu kwamba intaneti na Windows ni kama ugali na sukuma wiki, kimoja hakiendi bila kingine. Si kweli hata chembe. Na kabla hujachota karo ya mtoto ukanunue kompyuta mpya, hebu nisikilize.

Kwangu karo hiyo nusura ichotwe. Kompyuta yetu ni ya mitumba. Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, mashine hiyo ilikuwa imezeeka mno kupokea Windows 11. Kijana wa jirani akatuwekea Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya matoleo ya Linux, programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka wa 1991 akiwa mwanafunzi jijini Helsinki, Finland. Hatukutozwa hata shilingi.

Kisha tukaagiza intaneti ya faiba. Fundi alipenyeza waya, akatundika ruta ukutani, halafu akaitazama kompyuta na kutikisa kichwa. "Mama, hii haina Windows. Sisi hatuiungi. Tafuteni nyingine." Baba watoto akaanza kupiga hesabu. Binti yetu wa kidato cha tatu alinyamaza tu, maana alijua fika pesa zinazohesabiwa ni zipi.

Nikamwuliza fundi iwapo simu yangu imeshika intaneti. Imeshika. Basi kazi ya kampuni ilikuwa imekwisha, na iliyobaki ilikuwa yetu.

Sikiliza sababu. Ruta ndiyo inayojitambulisha kwa kampuni, na ikishakubaliwa hugawia kila chombo cha nyumbani anwani yake. Haimwulizi mgeni kabila lake. Zamani mambo yalikuwa tofauti: modemu nyingine zilichomekwa kwenye kompyuta, nayo kompyuta ndiyo iliyotakiwa kupiga hodi kwa kampuni kwa jina na neno la siri. Nadhani huko ndiko Linux ilikopata sifa ya ukaidi.

Kwa hivyo anza na waya. Nyuma ya ruta kuna matundu yanayofanana na ya simu ya mezani, ila ni mapana kidogo. Chomeka waya hapo, na upande wa pili kwenye kompyuta. Kwetu hatukubonyeza chochote. Dakika haikuisha kabla kurasa hazijaanza kufunguka.

Waifai ndiyo iliyotutoa jasho. Kadi yetu ni ya Broadcom, na baadhi ya kadi hizo huhitaji draiva ambayo haimo ndani ya Ubuntu tangu mwanzo. Ili uipate unahitaji intaneti, na ili upate intaneti unaihitaji hiyo draiva! Waya ule ule ukatuokoa. Nilifungua sehemu ya draiva za ziada, nikachagua iliyopendekezwa, nikazima mashine na kuiwasha tena. Ukikosa waya, unganisha simu yenye bando kwa kebo yake ya kuchajia, kisha uiruhusu igawe intaneti kupitia kebo hiyo. Linux nyingi huitambua mara moja.

Jambo jingine ambalo mafundi aghalabu hulipita: badilisha neno la siri la ruta. Anwani ya kuingilia, kwa kawaida 192.168.0.1 au 192.168.1.1, huwa kwenye kibandiko kilicho chini yake.

Sisemi Linux ni tamu tupu. Printa nyingine hukataa katakata, na barua iliyoandikwa kwa Word huenda ikapinda mistari ukiifungua kwa LibreOffice. Mhasibu anayetegemea programu ya Windows pekee ana haki ya kulalamika.

Karo ililipwa Jumatatu iliyofuata. Nayo ruta tumeihamishia juu ya kabati, kwani ukuta wa mawe uliizuia waifai isifike jikoni, ambako binti hupenda kusomea.