Mzee Wetu wa Ndoana

Ndugu zetu, inna lillahi wa inna ilayhi rajiun: tumemzika mzee wetu wa Custom, mpenzi wa ndoana. Akishaswali Alfajiri hupanda boda kwenda mto Nile, nasi tukimtania kwamba sangara wanamjua kwa jina. Akipata samaki, kwanza kwa mjane jirani, kisha nyumbani, akiwatolea miiba wanawe wadogo kwa mkono wake. Julai 2016, mapigano yalipofunga njia, alikaa nao ndani akiwafundisha kufuma nyavu.

Kabla ya kumswalia tuliuliza madeni. Muuza nyuzi akasimama. Mwanawe mkubwa akalipa papo hapo.

Sasa mkewe yumo katika eda, miezi 4 na siku 10. Tumpelekee unga, na samaki pia. Allah amrehemu, amin.