Karabai ya Jangwani

Basi la mwendokasi lilikuwa linavuka Jangwani, kijana akachungulia dirishani na kuuliza: "Babu, hivi mtu mwenye akili zake alijenga huku?"

Babu alinyamaza. Bondeni palikuwa na tope, vifusi na yangeyange wakidonoadonoa pale palipokuwa nyumba ya mama yake, iliyobomolewa kupisha mradi wa Bonde la Msimbazi.

Alisoma shule ya msingi upande wa Magomeni. Kwa hesabu zake alimaliza darasa la saba mwaka 1975. Cheti, chenye michirizi ya maji ya mafuriko, kinasema 1976. "Basi sabini na ngapi huko," alisema, akakikunja.

Asichohitaji cheti kukikumbuka ni duka la Mpemba: kibanda cha mabati kilichonuka mafuta ya taa, sabuni ya mche na papa mkavu. Kwao kulikuwa na kibatari kimoja, nacho kilikuwa cha jikoni. Ukikisomea, asubuhi unapenga makamasi meusi. Mpemba alikuwa na karabai. Akishaipiga pampu na kuitundika, watoto walijaa barazani na madaftari yao. Hakumfukuza mtu, ila alikuwa na ada yake: mtoto aliyekuja kununua chumvi alipiga hesabu ya chenji mwenyewe, kwa sauti, watu wakisikia. Ukikosea, unarudia. Ukikosea tena, foleni nzima inacheka, na mama anapata habari kabla chumvi haijafika. Ukionekana mtaani saa za masomo, Mpemba alifunga duka, akakushika mkono mpaka shuleni.

Lakini bonde hilohilo liliwanyima shule. Masika yakikolea, Msimbazi ulishuka kutoka Pugu na takataka zake zote, na watoto walivuka viatu mkononi, sare moja ikiwa bado mbichi. Wiki ya maji ilifuatwa na wiki ya malaria. Mwalimu hakuwasubiri, na angewasubirije?

Katika watoto wa bondeni wa darasa lake, anamkumbuka mmoja tu aliyechaguliwa kwenda sekondari, na si yeye. Mwenzao huyo alikuwa wa kawaida kabisa mpaka darasa la tano, alipochukuliwa na mjomba wake kwenda kuishi Upanga, kwenye taa za umeme na njia isiyozama. Kichwa kilikuwa kilekile.

Umeme ulifika baadaye, Mpemba akafa, kibanda kikawa cha chipsi. Yakaja mafuriko ya Desemba 2011, na waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, mbali na mjini. Wengine walirudi bondeni: kibarua kilikuwa Kariakoo, na makonda wa daladala hawapendi wanafunzi.

Sasa anakaa kwa binti yake, mtaa wenye taa kila nyumba. Dukani kuna mashine ya kamari, na watoto wenye sare wanaitumbukizia sarafu za mia mbili saa nne asubuhi. Mwenye duka anawachenjia. Matokeo ya darasa la saba yakitoka vibaya, wanaitwa walimu kujieleza. Mwenye mashine haitwi.

Bondeni imepangwa bustani ya jiji. Nyumba zilianza kubomolewa Aprili 2024. Mwaka wa masomo ulikuwa umeanza Januari.