Joto, Muda na Neno

Mwalimu wa lugha ana shughuli gani na joko la umeme? Swali hilo niliulizwa hapa Jabe, mjini Bujumbura, nilipokubali kuwafasiria vijana wanaojifunza ufinyanzi karatasi ya Kifaransa iliyoeleza namna ya kuchoma vyombo vyenye glezi, yaani lile tabaka la kioo ling'aalo juu ya udongo.

Burundi ina wafinyanzi wa tangu kale, hasa Watwa, ambao huchoma vyungu uwanjani kwa nyasi na kuni. Fundi husoma moto kwa macho yake. Joko la umeme halina mwali wa kusomwa. Joto lake hupangwa kwa nyuzi na kwa saa. Kabla ya kufika nyuzi 100 za Selsiasi hupashwa polepole, maji yatoke, la sivyo mvuke hupasua chombo. Kwenye nyuzi 573 chembe za kwatsi zilizomo udongoni hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa vivyo hivyo. Hapo pia haraka huleta nyufa.

Ugumu wangu ulikuwa mwishoni. Glezi ikitoka na vitundu vidogo, aghalabu ni hewa iliyotoka udongoni ikakosa nafasi ya kuondoka. Dawa mojawapo si kuzidisha moto, bali kuubakiza palepale juu kwa dakika 15 hivi, vitundu vijizibe. Niliandika "simamisha joto". Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, tuzime swichi?" Swali lake lilikuwa la haki, kwani kusimamisha gari ni kulikomesha. Mama mmoja mfinyanzi, aliyekuwa akisikiliza, akasema: "Waambie walituze joto." Tukaliandika neno lake.

Mwaka 1886 Hermann Seger, mkemia wa Kijerumani, alitoa vipande vya udongo vyenye umbo la pia, vinavyopinda jokoni. Havipimi joto peke yake, bali kazi ya joto na muda kwa pamoja. Ndiyo maana fundi hubadili jambo moja tu kila mchomo, akaliandika daftarini.

Ndugu walimu, tusingoje istilahi zishuke kutoka vitabuni tu. Twende karakana, tusikilize wenye kazi. Chombo kilichoharibika ni chakula cha mtu kilichopotea, na neno sahihi huweza kukiokoa.