Ella na zawadi ya utii

Katika kijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya desturi zetu wenyewe: mali ya ndoa, matanga, majina ya mapacha, hadisi za jioni. Leo naomba ruhusa nizungumzie hadisi ya ng'ambo, kwani inagusa jambo ambalo sisi wazee tunalifundisha kila siku, ni kusema utii wa mtoto wa kike.

Waliopita masomo ya primeri wanamjua Cendrillon. Mfaransa Charles Perrault alimwandika katika 1697, na ndugu Grimm, Wajerumani, katika 1812. Mama anakufa, baba anaoa mwingine, mtoto anageuzwa mtumishi katika nyumba ya baba yake mwenyewe. Kisha karamu, kiatu, na mtoto wa mfalme. Mbele yao, katika karne ya 9, Mchina Duan Chengshi alikwisha kuandika hadisi ya binti Ye Xian: mke wa baba anamuulia samaki wake aliyempenda, na mifupa ya samaki yule inamsaidia. Basi hakuna taifa linaloweza kusema, "Hii ni yetu peke yetu." Kila mmoja aliipika upya na chumvi ya kwake.

Katika 1997 mwandishi wa Marekani, Gail Carson Levine, aliipika tena kwa ajili ya vijana. Kitabu kinaitwa Ella Enchanted. Katika 1998 kilipewa Newbery Honor, heshima kubwa ya vitabu vya watoto kule, na katika 2004 kilifanyiwa filamu. Swali lililomsumbua Levine lilikuwa hili: Cendrillon anatii juu ya nini? Anaonewa, analala karibu na majivu, na bado anajibu "ndiyo, mama". Levine akapata jibu moja tu: mtoto huyu alirogwa.

Ni vile hadisi inavyoanza. Ella anapozaliwa, Lucinda, mmoja wa wale wanawake wa miujiza ambao Wafaransa wanawaita fée, anampa zawadi ya kutii. Anaamini kabisa kwamba ametenda mema. Tangu siku ile, ukimwambia Ella "kula", anakula hata kama tumbo limejaa. Akijaribu kukataa amri, anashikwa na kizunguzungu na maumivu. Anapokaribia miaka 15, mama yake anakufa. Baba, mfanyabiashara wa moyo mgumu, anatafuta kumuoza kwa tajiri. Hattie, binti wa yule atakayekuwa mama wa kambo, anagundua namna Ella anavyotii. Anamnyang'anya mkufu, kisha anamwamuru avunje urafiki na msichana aliyempenda.

Katikati ya mateso kuna mapenzi. Char, mtoto wa mfalme, na Ella wanaandikiana barua mpaka Char anamwambia kwamba anampenda. Wasomaji wengi wangetazamia arusi palepale. Lakini Ella anafikiri mbali: mtu yeyote akijua siri yake, anaweza kumwamuru amuue mume wake. Basi anamdanganya Char kwa barua kwamba ameolewa na mzee tajiri. Baadaye, wanapokutana uso kwa uso, Char anamwambia aolewe naye. Mwili unavutwa kusema ndiyo, moyo nao unataka ndiyo. Ella anasema hapana, ili amlinde. Hapo uchawi unavunjika. Na akiisha kuwa huru, ni yeye mwenyewe anayempigia Char magoti na kumuomba ndoa.

Mimi naona fundisho lote liko fasi hiyo. "Ndiyo" ya mtu asiyeweza kusema "hapana" haina uzito.

Sasa tujiangalie. Katika hadisi zetu nyingi kuna binti mwenye kukataa wachumba wote, kiisha anafuata mgeni mzuri, na njiani mgeni anageuka nyoka ama simba. Wazee walikuwa na sababu: ndoa ilifunga jamaa mbili, na mtu asiyejulikana alikuwa hatari ya kweli. Siitupi hadisi ile. Lakini sheria yetu imetembea. Code de la famille ya 1987 iliruhusu binti aolewe kwa miaka 15. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, inampa kila mtu haki ya kuchagua atakayeoana naye. Mageuzi ya Code katika 2016 yaliweka miaka 18 kwa wote wawili, na mke haombi tena ruhusa ya bwana wake ili afanye tendo la kisheria.

Najua mzee mmoja atanijibu, "Mutoto asiyetii ataharibika." Ni kweli. Lakini Ella hana dharau. Anamheshimu Mandy, mpishi aliyemlea, na anamsikiliza kwa kupenda. Kitabu hakipigani na heshima. Kinapigana na utii usiouliza. Mtoto wa namna hiyo anamtii baba, lakini kesho atamtii pia mjomba mbaya, mwalimu mbaya, ama mtu mwenye silaha.

Mandy anampa Lucinda dawa nzuri: ajaribu zawadi zake mwenyewe, na miezi mitatu aishi kama mtoto mwenye kutii kila amri. Lucinda anarudi amejuta. Sisi hatuna uchawi wa kutufanya watoto tena, lakini tuna hadisi. Ninapendekeza kwa wenzangu wa shirika: jioni tunapowasimulia mabinti habari ya yule aliyekataa wachumba, tusikimbilie simba. Tusimame kwanza, tuwaulize: aliona nini kwa wachumba wale wa kwanza? Alimwambia nani, na nani alimsikiliza? Majibu yao yatatufundisha, sisi tunaosimulia, mengi juu ya ndoa za leo.